Starehe ya ukumbi inavyomkosesha msafiri ndege
MSAFIRI anayeingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege, kama ule wa Pride wa Kenya Airways katika JKIA jijini Nairobi, aghalabu hupigwa na butwaa: viti laini, intaneti na vyakula anavyojipakulia bila kudaiwa chochote.

Desturi hii si ya jana. Shirika la American Airlines lilifungua ukumbi wa aina hii katika uwanja wa LaGuardia, New York, mnamo 1939.

Mlangoni huulizwa pasi ya kuabiri. Mwenye tiketi ya daraja la biashara hupita. Wa daraja la kawaida huhitaji kadi ya uanachama au hulipia, pale inaporuhusiwa.

Hatari yenyewe imo katika ukimya. Kumbi nyingi hazitangazi safari kwa vipaza sauti. Mtu hula, akashushia kwa kinywaji, akasinzia, ilhali kwa kawaida lango la kuabiri hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya ndege kuondoka, nayo haimngoji aliyeshiba. Ni heri aketi panapoonekana skrini ya ratiba na kumwuliza mhudumu umbali wa lango kabla hajagusa sahani.