Ekari ikipanda bei, ada ya ardhi hukokotolewa vipi? Somo kutoka nchi ya chai

Barua ya ada ya ardhi ikifika nyumbani, wengi wetu husoma tarakimu moja tu, ile ya mwisho. Tunauliza "nadaiwa ngapi?" wala hatuulizi hesabu ilipigwa vipi. Leo, ndugu msomaji, tutoke Pwani kidogo tupande hadi Kericho na Bomet, kunakotoka sehemu kubwa ya chai inayouzwa katika mnada wa Mombasa. Kule pengo kati ya bei ya ekari na pato la ekari linaonekana waziwazi, na anayelielewa ataielewa pia barua yake mwenyewe, awe Likoni, Malindi au Lamu.

Malipo mawili yasichanganywe

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Ada ya ardhi hutozwa na kaunti. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, imezipa kaunti mamlaka ya kutoza ada hiyo. Kodi ya ardhi ni kitu kingine: hulipwa serikalini na mtu aliyekodishiwa ardhi ya serikali kwa miaka maalumu.

Mkulima mdogo wa Konoin au Belgut mwenye hatimiliki ya kudumu hadaiwi kodi hiyo ya pili. Kampuni ya chai iliyokodishiwa ardhi yaweza kudaiwa zote mbili. Basi ukisikia kwamba "kodi za ardhi zinapanda Kericho", uliza kwanza: ni ipi, na ya nani?

Thamani hupatikanaje?

Kwa zaidi ya miaka 60 kazi hii iliongozwa na sheria mbili, Sura ya 266 kuhusu uthamini na Sura ya 267 kuhusu utozaji. Desemba 2024 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya ya kitaifa ya ada za ardhi, ambayo imezifuta hizo mbili. Lakini msingi wa kupima thamani haujageuka sana.

Mthamini haulizi unapata nini shambani. Anauliza: kama ardhi hii ingeuzwa leo kwa masharti ya kawaida, bila kulazimishana, mnunuzi angetoa kiasi gani? Ili kujibu, hutazama ploti zilizouzwa karibu, kisha huongeza au kupunguza kwa kuangalia barabara, maji, mteremko, ukubwa na matumizi yaliyoruhusiwa. Matokeo huandikwa katika daftari la thamani la kaunti, na humo kila ploti ina nambari yake, ukubwa wake na thamani yake.

Kuna thamani ya ardhi tupu, na kuna thamani ya ardhi pamoja na kilichojengwa juu yake. Miji mingi ya Kenya imezoea kutoza ada kwa ardhi tupu. Kwa mtindo huo, mwenye ghorofa na mwenye kibanda cha mabati, wakiwa na ploti zinazolingana katika mtaa mmoja, huandikiwa thamani moja. Kwetu Mombasa, ambako wengi wanamiliki nyumba bila ardhi, hili lina maana yake: anayeandikwa daftarini ni mwenye ardhi, lakini mzigo huweza kumfikia mwenye nyumba kupitia kodi ya kiwanja anayolipa kila mwezi.

Mashambani mara nyingi hakuna uthamini wa ploti moja moja. Kaunti huweza kutoza kwa ukubwa tu, shilingi kadhaa kwa kila ekari au hekta. Ni njia rahisi, ila haioni tofauti kati ya ekari yenye rutuba na ekari ya mawe.

Hesabu yenyewe

Ada ni thamani iliyo daftarini ikizidishwa kwa kiwango, yaani asilimia inayowekwa na bunge la kaunti. Watu huogopa tarakimu ya kwanza na kuisahau ya pili.

Chukua mfano wa kubuni. Ploti iliandikwa zamani kuwa ya Sh200,000, na kiwango ni asilimia 5. Ada ni Sh10,000. Uthamini mpya unasema Sh4,000,000. Kiwango kikibaki kilekile, ada inaruka hadi Sh200,000. Kikishushwa hadi asilimia 0.25, ada inabaki Sh10,000. Thamani imepanda mara 20, na mfuko wako haujaguswa.

Nairobi ilipitia jambo la aina hii. Kwa miaka mingi ilitoza ada kwa thamani za mwaka 1982, na kiwango kikafika asilimia 34. Ilipoleta daftari jipya lenye bei za karibuni, kiwango kikawekwa asilimia 0.115. Aliyesikia "asilimia 0.115" akadhani ni msamaha alikosea, na aliyesikia "thamani mpya" akadhani ni balaa huenda naye alikosea. Ilitegemea ploti.

Uthamini mpya hugawa upya mzigo. Ikiwa ploti yako imepanda bei sawa na wastani wa mji, na kaunti haikusudii kukusanya zaidi ya jana, utalipa karibu kama zamani. Ikiwa imepanda kuliko wenzako, utawabebea sehemu yao. Daftari likikaa miongo bila kuguswa, walio katika mitaa iliyopanda sana hupata nafuu isiyo halali yao, na siku ya kusahihisha maumivu huja yote kwa mara moja.

Ekari ya chai

Sasa mtazame mjane mwenye ekari moja ya chai pembezoni mwa mji wa Kericho, tuseme kuelekea Kapsoit. Mji unamsogelea. Jirani ameuza robo ekari kwa mtu anayejenga nyumba za kupangisha. Mthamini akija atatumia bei ya yule jirani, kwa sababu ndiyo bei ya soko. Lakini mama huyu hauzi ardhi. Anauza majani mabichi kwa kiwanda, hulipwa kila mwezi, kisha husubiri bonasi ya mwaka. Na bonasi za viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, ikiwemo Kericho na Bomet, kwa miaka mingi zimekuwa chini kuliko za mashariki.

Basi thamani ya shamba lake inapanda kwa sababu ya nyumba za wengine, huku pato lake likifuata bei ya chai mnadani Mombasa. Ada hulipwa kwa fedha taslimu, hailipwi kwa thamani iliyo kwenye karatasi. Akishindwa, deni huongezeka kwa riba, na siku watoto wake watakapotaka kuhamisha hatimiliki watadaiwa cheti cha kaunti kinachothibitisha kwamba hakuna deni. Bila cheti hicho msajili wa ardhi hahamishi kitu.

Upande wa pili wa ua kuna mashamba makubwa. Kule ugumu ni mwingine: hakuna jirani aliyeuza. Finlays ilipotangaza mwaka 2023 kuwa inauza biashara yake ya mashamba ya chai Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka, kilichobadilisha mikono ni biashara nzima, pamoja na viwanda na wafanyakazi. Kutoa bei ya ekari moja humo ni kazi ya kubishaniwa.

Tena mashamba haya yana historia. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1915 iliruhusu ukodishaji wa miaka 999. Katiba ya 2010 ilisema asiye raia hawezi kukodishiwa zaidi ya miaka 99, na iliyozidi ikahesabiwa kuwa 99 kuanzia Agosti 27, 2010. Machi 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilitoa mapendekezo yake juu ya dhuluma walizotendewa Wakipsigis na Watalai, na miongoni mwake ni kwamba ardhi ya mashamba hayo ipimwe upya na malipo yake, ya kaunti na ya serikali kuu, yaongezwe. Kampuni zilikwenda mahakamani kupinga.

Wenyeji wanaodai mashamba hayo yalipe zaidi wana hoja. Lakini wachunge jambo moja: kaunti ikitumia kipimo kimoja kwa wote bila kutofautisha, ada iliyokusudiwa kampuni yenye maelfu ya ekari itampata pia mama wa ekari moja. Kampuni ina wakili na mthamini wake. Mama hana.

Ufanye nini?

Jambo la kwanza, uliza kama kaunti yako imetangaza daftari jipya, uende ukaangalie jina, ukubwa na matumizi ya ardhi yako. Shamba la chai, au la minazi kwa upande wetu, likiandikwa kimakosa kuwa ploti ya biashara, hesabu yote inaharibika.

Pili, pinga mapema na kwa maandishi. Chini ya sheria ya zamani muda ulikuwa siku 28 tangu tangazo, na sheria mpya imeunda baraza maalumu la kusikiliza migogoro hii. Aliyenyamaza wakati wa daftari hasikilizwi kwa urahisi wakati wa bili. Peleka ushahidi wa mauzo ya karibu, maana malalamiko ya umaskini hayabadilishi thamani.

Tatu, na hili ndilo wengi hulikosa, hudhuria vikao vya maoni juu ya Mswada wa Fedha wa kaunti. Mthamini hupanga thamani, lakini kiwango hupangwa na wawakilishi wa wadi uliowachagua. Ukitaka shamba linalolimwa litozwe kiwango cha chini kuliko ploti ya maduka, au mashamba makubwa yawe na kiwango chao, hapo ndipo pa kusemea.

Hakuna barabara wala zahanati ya kaunti isiyohitaji fedha, na ada ya ardhi ni miongoni mwa njia chache ambazo kaunti inajitegemea kwazo. Kutoza ni haki ya kaunti. Kumtoza mkulima kwa bei ambayo hajaipata wala hataki kuipata, bila kumfungulia mlango wa kujieleza, ni kumwambia auze. Na huko Kericho na Bomet, watu wanaijua vizuri maana ya kupoteza ardhi.