Kuingoja Kanda Mpya: Matarajio ya Mashabiki wa Muziki katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Mashabiki wanaoingoja kwa hamu albamu mpya ya bendi waipendayo aghalabu huonekana kuwa watu wasio na shughuli. Makala haya yanashikilia kwamba kungoja huko ni sehemu ya uhakiki, na kwamba Pwani ya Kenya, hususan Kilifi na Malindi, ina namna yake ya kungoja ambayo mwanafunzi wa fasihi hana budi kuichunguza.

Katika mhadhara wake wa mwaka 1967, mhakiki wa Kijerumani Hans Robert Jauss alieleza kwamba msomaji haiendei kazi mpya akiwa mtupu. Huiendea akiwa na upeo wa matarajio, yaani mazoea yake ya utanzu unaohusika, kumbukumbu ya kazi zilizotangulia na lugha aliyoizoea. Kazi hiyo hupimwa kwa jinsi inavyoutimiza, inavyoukiuka au inavyoupanua upeo huo. Albamu nayo ni matini, na msikilizaji wake huiendea vivyo hivyo.

Tuanze na mfano wa ng'ambo. Bendi ya roki ya The Beatles iliacha ziara za maonyesho mnamo Agosti 1966. Mwaka uliofuata ilipotoa albamu ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, wapenzi wake hawakuwa wamezisikia nyimbo hizo jukwaani. Matarajio yao yalijengwa na santuri za awali. Sahani ndiyo iliyowafikishia nyimbo mpya.

Katika Pwani yetu, mara nyingi utaratibu ulikuwa kinyume cha huo. Wimbo wa taarab ulisikika kwanza harusini. Wasikilizaji walimtunza mwimbaji kwa fedha pale fumbo lilipowagusa, wakarudi makwao na ubeti kichwani. Kanda ilifuata baadaye. Nyingine zilirekodiwa papo hapo harusini, na maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa yalijulikana kwa kurekodi na kuuza kanda za aina hiyo.

Nakumbuka nikiwa mtoto Malindi, kanda ilipoletwa kwa basi kutoka Mombasa, shangazi zangu hawakuuliza kuna nini ndani yake. Waliuliza, "Ule ubeti umo?" Ubeti ukikosekana, kanda ilihukumiwa siku hiyo hiyo, hata sauti iwe nzuri namna gani. Kwa istilahi za Jauss, upeo wao ulijengwa na utendaji wenyewe, nao walikuwa wameshiriki katika utendaji huo kwa tuzo na vigelegele.

Mfano wa pili ni bendi ya Them Mushrooms, ijulikanayo pia kama Uyoga, iliyoanzishwa mwaka 1972 na ndugu kutoka Kaloleni, Kilifi. Bendi hiyo ilipiga muziki katika hoteli za kitalii za Pwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikavuma kwa wimbo "Jambo Bwana" wa Teddy Kalanda Harrison. Kufikia mwaka 1983 kundi la Boney M. lilikuwa limetoa toleo lake. Wimbo huo mmoja ulizaa matarajio ya aina mbili. Mgeni wa hoteli alitarajia kuamkiwa na kukaribishwa tena. Mwenyeji wa Kaloleni au Malindi, aliyekulia katika chakacha na nyimbo za Fundi Konde, hakutarajia kukaribishwa kwao. Alitarajia kusikia habari zake mwenyewe. Ndiyo maana bendi ilipokuja kurekodi pamoja na Fundi Konde (1924–2000), Mgiriama mwenzao, na pia na Malika, malkia wa taarab, twaweza kusema kwamba iliyageukia matarajio ya wenyeji bila ya kuwatupa wageni.

Siku hizi nyimbo nyingi hutolewa mojamoja na kufika kwenye simu saa ile ile zinapotolewa. Kungoja hakujakoma, ila kumefupishwa, na wimbo waweza kuwafikia wasikilizaji kabla ya kujaribiwa mbele yao. Jambo hili linatuhusu sisi tunaoandika tasnifu. Mara nyingi tunanukuu maneno ya wimbo kutoka kwenye kanda, tukidhani tumeipata matini nzima, ilhali ubeti uliotunzwa zaidi harusini huenda haukurekodiwa kamwe. Wanaoukumbuka ni wasikilizaji wa wakati ule, ambao sasa ni wazee.

Kwa kuhitimisha, makala haya yanapendekeza kwamba mtafiti wa nyimbo za Pwani aanze kwa msikilizaji kabla ya kuiendea kanda. Amuulize alikuwa akingoja nini, alipata nini, na nini kilikosekana. Shangazi zangu wangali hai, na ubeti wanaoukumbuka bado sijauandika. Nimeazimia kuanza nao likizo ijayo.