Mbolea Inayomnyima Mchai Maji

Mkulima wa Bomet akirusha mbolea ya chenga asubuhi wakati michai ingali na umande, chembe kadhaa hunasa kwenye majani. Baada ya siku chache, pale zilipolala huonekana mabaka ya kahawia. Mbolea imeliunguza jani bila moto wala jua: imelinyonya maji.

Kila seli imezungukwa na kiwambo chembamba kinachopitisha maji kwa urahisi huku kikizuia sehemu kubwa ya chumvi na sukari. Maji huhama kutoka kwenye myeyusho hafifu kwenda kwenye myeyusho mzito, na huko kuhama ndiko osmosisi. Chembe ya mbolea iliyoyeyuka ndani ya tone la umande ni myeyusho mzito kuliko ule uliomo ndani ya seli, kwa hiyo maji ya seli hutoka nje.

Mizizini ni vilevile, ila huko hakuna anayeona. Kwa kawaida umajimaji wa seli za mizizi ni mzito kuliko maji ya udongoni, ndiyo maana mchai hunywa. Lakini mvua ikikatika Januari au Februari, maji yaliyosalia ardhini ni machache. Ukiongeza mbolea hapo, myeyusho wa udongoni unakuwa mzito na mizizi inashindwa kuvuta. Umelipia mbolea, na umeuzidishia mchai kiu.

Madini nayo yana njia yake. Nitrojeni iliyomo kwenye NPK 26:5:5, mbolea iliyozoeleka mashambani mwetu, huvushwa na protini maalumu za kiwambo, na kazi hiyo hula nguvu. Nguvu hutokana na mizizi kupumua, nayo inahitaji oksijeni. Ndiyo sababu michai ya bondeni, maji yanapotuama, hugeuka manjano hata ikitiwa mbolea ya kutosha.

Kutoka mzizini maji hupanda kwa mirija iitwayo zailemu, yakivutwa na majani yanayotoa mvuke kupitia vitundu vyake, stomata. Kiangazi kikikaza, stomata hufungwa ili kuokoa maji. Hewa ya kaboni nayo haiingii, sukari haitengenezwi vya kutosha, machipukizi yanapungua. Kilo zinazoshuka kwenye kituo cha kununulia majani zimeanzia hapo. Sukari inayobaki hushuka kwa mirija mingine, floemu, na kuwekwa mizizini kama wanga, na mchai uliopogolewa huchipua kwa akiba hiyo. Kupogoa mchai uliodhoofishwa na ukame ni kuuhatarisha bure.

Hata rangi ya chai inatokana na kiwambo. Katika jani zima, kemikali ziitwazo katekini hukaa ndani ya vakuoli, kifuko kilichomo ndani ya seli, mbali na kimeng'enya kinachozibadilisha. Mashine za kiwandani huzipasua seli, vitu hivyo vikakutana mbele ya oksijeni, na jani likageuka kahawia. Jani lililoshindiliwa guniani huanza safari hiyo njiani, kabla ya wakati wake, na ubora hushuka.

Wakulima wengi hupewa maagizo ya kutunza mchai bila sababu zake, nami naona hilo ni kosa, kwa maana agizo lisiloeleweka huachwa siku ya haraka. Basi, ndugu mkulima, subiri mvua ilowanishe udongo, subiri majani yakauke umande, kisha tandaza mbolea chini ya michai, usiirundike shinani.