Shule ya kijiji ni mali ya mkulima

Ninyi mliokimbia vita na ninyi mliowapokea, tuseme juu ya shule ya kijiji. Mkulima asiyejua kusoma mizani, mnunuzi ndiye humsomea kilo za maharagi yake. Mtoto aliyesoma angemsomea baba yake. Najua, mwezi wa kenda shule zinafunguliwa na mashamba yanangoja mikono.

Madarasa yakigeuka mahali pa kulala, mwenyeji na mgeni wote wanapoteza. Machifu, ketini na direkta na komite ya wazazi, mtafute uwanja mwingine wa kuweka familia hizo. Tena mtoto asifukuzwe kwa kukosa franga. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ya bure. Akidaiwa, mzazi aende na mjumbe wa komite, aulize franga hizo ni za nini.