Mzambarau Mwitu Usigeuzwe Mkaa

Mwaka 1975 Taifa letu liliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 ikafuata ile ya Misitu ni Mali. Miito hiyo miwili hukutana katika mti mmoja ambao wengi wetu mkoani Mara huupita bila kuutazama: mzambarau mwitu, uotao kandokando ya mito na ziwa.

Matunda yake yaivapo huwa meusi ya zambarau. Rangi hiyo si pambo tu. Hutokana na viini viitwavyo anthosayanini, ambavyo ni miongoni mwa antioksidanti, yaani viini vizuiavyo kemikali haribifu zisidhuru chembe hai. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Kwa mkaazi wa kisiwani, ambaye machungwa humfikia kwa chombo na kwa bei ya juu, tunda liotalo karibu na mlango wake si jambo la kudharau.

Hata hivyo tusitie chumvi. Zambarau ni chakula, si dawa ya kila maradhi. Mgonjwa wa kisukari asiache dawa za hospitali kwa kusikia sifa za mbegu zake, maana ushahidi wa kutosha kwa binadamu haujapatikana. Magome nayo, ambayo wengine huyachemsha kutibu tumbo, yaweza kuwa na sumu, yasinywewe ovyo.

Tunda hili huoza baada ya siku chache, na kwa hiyo mengi huishia chini ya mti. Laweza kufanywa maji ya matunda, jamu au siki. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kuendeleza viwanda vidogo, ingefaa iyafikishe mafunzo hayo kwa akina mama wa Musoma, Bunda na Butiama.

Lakini hakuna jamu pasipo mti. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mito. Maofisa waisimamie bila kuoneana haya. Wananchi nao waache kuukata mti huu kwa mkaa na kubanikia samaki, na wapande mbegu zingali mbichi, kwani zikikauka hufa. Anayepanda leo huenda asile yeye, watakula wanawe.