Kabari ya Oili Inayobeba Injini

Msomaji wetu wa Kalemie anauliza: gari lake la dizeli limeanza kugonga chini ya injini, na mlio unazidi kila akikanyaga mafuta. Fundi wa mtaani amemwambia kusine za biele zimekwisha, na kwamba atazibadilisha hapo hapo uani bila kushusha injini. Je, amkubalie?

Kwa magari mengi inawezekana. Karta, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, hufunguliwa kutoka chini, kofia za biele hufuata, na spana za kawaida zinatosha kufika huko. Lakini kabla ya kushika spana, inafaa kujua kusine hufanya kazi gani, maana ni moja ya mambo mazuri kuliko yote ndani ya gari.

Kusine, ambazo fundi wa Kigoma ng'ambo ya ziwa ataziita beringi za konrodi, ni vipande viwili vya chuma vya nusu duara, vilivyopakwa ndani madini laini kama aluminiamu au mchanganyiko wa shaba na risasi. Ndani yake huzunguka pini ya krankshafti. Mafuta yanapolipuka juu ya pistoni, nguvu ya tani kadhaa hushuka kupitia biele hadi kwenye pini hiyo. Hata hivyo, injini nzima ikikimbia, chuma hakigusi chuma. Kati yao pana utando wa oili mwembamba kuliko unywele.

Wengi hudhani pampu ya oili ndiyo inayobeba mzigo huo. Haiwezi, shinikizo lake ni dogo mno. Pampu huleta oili tu, na pini yenyewe ndiyo inayojinyanyua. Kwa kuwa pini ni nyembamba kidogo kuliko tundu lake, mzigo huisukuma upande mmoja, na nafasi iliyobaki huwa pana huku na finyu kule. Oili hunata kwenye pini, nayo pini ikizunguka huiburuta kuelekea penye ufinyu. Mnato unaizuia kutoroka upesi, shinikizo linapanda, na pini inaelea. Naiita kabari ya oili, wala si tabaka, kwa sababu umbo lile la kwenda likifinyika ndilo linalobeba.

Tazama boti la injini likitoka bandarini Kalemie. Likienda polepole, limezama na linalima maji. Nahodha akiongeza mwendo, pua inainuka, maji yanabanwa chini ya tumbo lililoinama, na boti zima linapanda juu. Akipunguza, linazama tena. Pini nayo ni hivyo hivyo: mwendo ndio unaoinyanyua, na ikisimama inalala juu ya kusine. Maji hubeba boti kwa uzito na mwendo wake, oili hubeba pini kwa mnato. Tofauti hiyo haiharibu mfano.

Jambo hili liligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1883, Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima msuguano wa beringi kama zile za mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, na oili ikapanda kupitia tundu hilo. Akaliziba kwa kizibo cha mbao, kizibo kikasukumwa nje. Alipofunga geji, shinikizo lilikuwa zaidi ya maradufu ya wastani wa mzigo. Miaka mitatu baadaye, Osborne Reynolds alieleza sababu kwa hesabu ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo.

Injini ikisimama, ulinzi pekee ni oili iliyobaki kwenye chuma. Ziwa letu lina ushahidi wa nguvu ya mpako huo. Wajerumani walipoizamisha meli Graf von Götzen mwaka 1916, walizipaka injini zake grisi nzito kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo, msomaji wetu, mwambie fundi apime. Nafasi kati ya pini na kusine kwa kawaida ni kama sehemu 3 hadi 6 za mia za milimita. Ikizidi, kabari haijengeki. Kila kofia irudi kwenye biele yake na upande wake. Boliti zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji. Kusine zipakwe oili kabla ya kufungwa, na injini izungushwe na stata bila kuwashwa hadi oili ifike. Pini ikiwa na mikwaruzo, krankshafti iende kuchongwa, na chanzo cha uharibifu kitafutwe.

Mkubalie, kwa sharti moja: uani pafagiwe, pamwagiwe maji, na kazi ifanyike penye kivuli kisicho na upepo. Chembe moja ya vumbi la barabarani inaweza kuwa nene kuliko kabari yote ya oili.