Dosiye ya koperative ikijaa

Koperative nyingi tunatunza orodha ya wakulima na picha za mashamba ya kahawa katika dosiye ya pamoja kwenye intaneti. Google Drive inatoa jiga 15 bure, lakini barua za Gmail zinakula humo humo. Kila faili inahesabiwa kwa yule aliyeiweka. Dropbox inatoa jiga 2 tu, na dosiye ya pamoja inahesabiwa kwa kila memba. Gmail ikijaa, hata barua ya mnunuzi haiingii tena.

Tufanye hivi: kwanza tukopie orodha kwenye flashi. Kisha tufute video za zamani na kumwaga kapu la takataka, maana vilivyomo bado vinahesabiwa. Sekretere afanye hivyo kila mwisho wa mwezi.